Meno ya Dhahabu Ndani ya Sipiyu

Jumanne, 8 Julai 2025

Kompyuta imefika! Mpya. Ya mezani. Plastiki zake bado zinanukia duka. Baba Violeth kaibeba kifuani kutoka stendi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, kila anayemsalimia anajibiwa kwa kichwa tu, mikono haina nafasi. Mpunga wetu wa mwaka huu umegeuka kompyuta.

Nimeinunua kwa sababu moja, na humu kwenye daftari naweza kuisema. Wifi yangu Hosiana, dada wa mume wangu, ana duka la steshenari Kahama. Kompyuta tatu, kapeti sakafuni. Tangu Violeth wangu amalize kozi ya kompyuta, shangazi mtu hana usingizi. Kila akipiga simu ni nipe mtoto, nipe mtoto. Simpi! Wakubwa wawili wameolewa Geita, simu zao nazisubiri kama mvua. Huyu ndiye amebaki. Mtu mwenye kompyuta mpya na printa ya fotokopi barazani kwa mama yake, hapa hapa Ushirombo, aende Kahama kutafuta nini?

Violeth kaiwasha. Kacheka, kanikumbatia. Furaha! Kisha kafungua barua ya parokia, na picha za pasipoti juu yake, kompyuta ikastaki, haisogei tena. Kasema tatizo ni RAM, ndogo. Nikauliza RAM ndiyo nini. Kasema ni kumbukumbu, pale kompyuta inaposhikilia kazi inazofanya kwa wakati mmoja. Hii ina GB nne, inataka nane angalau. Kasema tutaona wiki ijayo. Kisha akaguna.

Mguno ule naujua. Ni mguno wa mtu anayefikiria Kahama.

Jumatano, 9 Julai

Violeth kaingia semina ya vijana kwa masista. Kulala huko huko mpaka Jumapili. Simu zao zote zimekusanywa kwenye ndoo. Nafasi imejileta yenyewe!

Nimeamua. RAM naongeza mimi. Akitoka semina anakuta kompyuta inakimbia, na mguno umekwisha.

Nimeiambia simu: weka RAM kwenye kompyuta. Ikaniletea video ya mwanaume mmoja mwenye ndevu, anaongea sijui Kihindi, sijui Kireno. Sikuelewa neno hata moja. Lakini mikono yake ilieleweka vizuri. Mimi nimezalisha mbuzi kumi na wawili na hakuna mbuzi aliyewahi kunieleza kitu.

Nyuma ya sipiyu, lile sanduku lenyewe la kompyuta, kulikuwa na stika ya garantii. Imeandikwa isibanduliwe. Sijaibandua kwa nguvu. Nimeibembeleza kwa mvuke wa birika, ikatoka nzima, nimeibandika kwenye mlango wa kabati isipotee. Ikitakiwa ipo.

Yule wa video alijifunga mkanda mkononi, mkanda una waya, waya kaushikiza kwenye chuma cha sipiyu. Nikafikiri, nikaelewa. Ni ili isidondoke mezani wakati unaivuta. Akili! Nikachukua kamba ya mbuzi, ncha moja kwenye mkono wangu, nyingine kwenye chuma. Fundo la mara mbili.

Skrubu zimetoka kwa bisibisi ya Baba Violeth. Ndani ni mji mzima! Nikaiona RAM mara moja: kijiti cha kijani, kirefu kama kitana, kimebanwa na vishikio viwili. Nikavibonyeza, kikaruka chenyewe. Chini kina meno madogo madogo ya njano, yamepangana kama mahindi. Pembeni yake pana nafasi nyingine tupu, inamsubiri mwenzake. Nikajisifu kwa sauti.

Hapo hapo hodi. Katekista Paschal, anataka fotokopi. Nikasahau, nikainuka kwenda kumpokea. Sipiyu ikanifuata! Imeburuzika mezani, nikaidaka kwa magoti. Katekista kasimama mlangoni, katazama kamba, katazama mkono wangu. Kaniuliza kama hiyo nayo inaanza kula mazao ya watu. Nikamjibu tumsifu Yesu Kristo. Kaenda kutoa fotokopi kwingine.

Hakuna kilichovunjika. Kishikio kimoja cha plastiki tu, na vipo viwili.

Ijumaa, 11 Julai

Kahama! Nimemwambia Baba Violeth naenda kumwona mgonjwa. Kauliza mgonjwa gani. Nikasema mgonjwa wa Kahama. Hakuuliza tena. Huyu mume mzuri sana.

Kile kijiti nilikifunga kwenye kitambaa ndani ya pochi, kiwe sampuli. Muuza vifaa ni kijana mwenye adabu, kanipa shikamoo kabla sijakaa. Kakitazama, kaniletea pacha wake, GB nne kama yeye, ukiviweka pamoja ni nane. Kaniuliza nani atafunga. Nikasema fundi wangu. Sikutaja kuwa fundi amekaa mbele yake kavaa kitenge.

Kisha kasema neno ambalo halijanitoka mpaka sasa. Mama, shika pembeni tu, haya meno ya njano usiyaguse.

Nikalipa, nikatoka. Lakini moyoni: kwa nini nisiyaguse?

Nikiwa nalifikiria hilo nikajikuta barabara ya duka la wifi. Nikajifunika kanga mpaka puani, nikajibana nyuma ya magunia ya mchele. Mara sauti juu yangu: wifi, mbona unanichungulia kama mwizi wa kuku? Hosiana! Kashika kiuno, na wateja wake wametoka kushuhudia. Nikasema nimekuja kumsalimia. Akafurahi mno, kanikumbatia na kanga yangu kichwani. Kasema anajua nilichokuja kusema, kwamba nimekubali. Kwamba Jumapili atakuja mwenyewe kumchukua Violeth, tusihangaike na nauli.

Nikafungua kinywa kukataa. Akanitia andazi.

Jumapili! Keshokutwa!

Ndani ya basi sikutulia. Meno ya njano. Usiyaguse. Huku kwetu kitu cha njano kisichotakiwa kuguswa tunakijua. Baba Violeth enzi zake za duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, aliwahi kuuziwa kipande, kaambiwa hivyo hivyo, usikishike shike. Ilikuwa shaba iliyopakwa. Alipokishika, rangi ilibaki mkononi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kitu cha njano hakiingii bila kupimwa.

Kijana mwenye adabu! Ndio hao hao!

Nikateremka Masumbwe. Nikaenda kwa Maduhu, mnunuzi wa dhahabu, mtu mzima, mizani yake haijawahi kulalamikiwa na mume wangu, na mume wangu hulalamika. Nikamwekea kijiti kipya mezani. Kaniita mayu, yaani mama, kasema miaka ishirini nanunua, hii sijaletewa. Nikamwambia anipimie kama yale meno ni ya kweli. Akatoa lile jiwe lake jeusi, akasugua. Mara moja. Mara mbili. Mara nne, kwa uhakika. Ikatoka mistari myembamba. Akadondosha tindikali. Tukainama wote wawili.

Mistari imebaki!

Dhahabu ya kweli! Nikataka kuimba. Nikampa na kile cha zamani, tujue kama na wa duka la kwanza walikuwa waaminifu. Kasugua mara nne, kadondosha. Kweli tupu! Kasema ila ni nyembamba sana, mayu, ngozi tu, hata hainilipi kuikwangua. Nikamwambia sijaja kuuza, nimekuja kulinda familia. Nikavifuta tindikali kwa pindo la kanga, nikamwomba Mungu anisamehe kwa kumdhania yule kijana.

Pindo la kanga limetoboka. Hiyo ndiyo nguvu ya dhahabu.

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimefunga. Hapakuwa na kamba, nimejifunza kuishika sipiyu kwa tumbo. Kijiti cha kwanza nikakandamiza, ka! Cha pili, ka! Sauti ile ile ya kwenye video. Upande uliovunjika kishikio nimeweka kijiti cha kiberiti. Nikarudisha skrubu zote. Zimebaki mbili. Nadhani zilikuwa za akiba.

Nikawasha. Taa ya kijani! Nikapiga vigelegele, kuku wakakimbia.

Kioo kimebaki cheusi. Ndani inalia: tii. Tii. Tii. Nikaogopa kidogo, kisha nikaelewa. Inahesabu. Ilizoea GB nne, leo imekuta nane, lazima ihesabu upya. Hata mimi ningehesabu.

Nimeifunika kitambaa cha mezani nikaenda kupika. Ugali umeiva, bado inahesabu. Nimefua, bado. Baba Violeth kaja kula, kauliza ni nini kinalia. Nikasema ni maendeleo. Kala akaenda zake.

Jioni nimeizima ipumzike. Kesho itaendelea ilipoishia.

Jumapili, 13 Julai

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa ya pili wakaja wote pamoja. Violeth na begi lake la semina, wifi Hosiana na gauni la kijani, na Katekista Paschal ambaye hakualikwa. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nikawaketisha barazani, nikawagawia soda. Nikasimama. Nikasema kabla mtu hajachukua mtoto wa mtu, atazame kwanza mtoto anaacha nini. Nikavuta kitambaa, nikawasha.

Tii. Tii. Tii.

Wifi kauliza nimenunua kompyuta au kifaranga.

Nikasema subirini, inahesabu. Violeth hakusubiri. Kazima, katazama nyuma, katafuta stika kwa kidole. Nikamwonyesha kabati. Katoa kile kifuniko, kikatoka na kijiti cha kiberiti. Kachomoa RAM ya kwanza, kaiinua kwenye mwanga. Kachomoa ya pili. Kaniuliza kwa sauti ya chini, mama, nani amesugua haya meno?

Nikaeleza. Yote. Kijana wa Kahama, Masumbwe, jiwe, tindikali, na majibu mazuri tuliyopata. Nikasema ondoa wasiwasi mwanangu, ni dhahabu ya kweli, zote mbili.

Wifi alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Katekista alimpepea kwa kitabu cha nyimbo. Wifi akawa anasema kwa vipande: kampelekea... Maduhu... apime RAM... Kisha anaanza upya. Baba Violeth alisimama mlangoni, akauliza kwani Maduhu alisema uzito gani. Wifi akaanguka tena.

Violeth hakucheka. Hilo ndilo limenimaliza. Kasema ile dhahabu ndiyo njia yenyewe ya umeme, unapitia hapo, na sasa haupiti. Kasema alishamkatalia shangazi tangu Jumatatu, kwenye simu, kamwambia anabaki na mama. Wifi akaacha kucheka, akasema ni kweli, yeye Ijumaa alidhani tumebadili mawazo. Na Violeth kasema fundi Benjamini, aliyetuuzia kompyuta, angekuja wiki hii kuongeza RAM bure, kwa garantii, ile garantii iliyo kwenye kabati la vyombo.

Nikauliza sasa itakuwaje. Kasema sasa nikae hapa nafanya nini, mama? Nifunike kitambaa?

Kachukua lile begi la semina, hata halikufunguliwa. Shangazi mtu kambebea.

Kwa hiyo nimempeleka Kahama mwenyewe. Kwa mikono yangu hii hii.

Jumatatu, 14 Julai

Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika ugali wa watu watatu. Baba Violeth kala wa wawili ili usionekane umebaki.

Nimepanga mambo. Mpango wa kwanza: kumpigia simu bila kuonekana nampigia. Nimempigia nikamwuliza chumvi iko wapi. Kasema, mama, chumvi iko pale unapoiweka wewe kila siku. Nikamshukuru. Nikakata haraka kabla sijalia.

Baada ya saa moja nimempigia kuuliza kiberiti. Akapokea wifi. Kasema kiberiti kiko ndani ya sipiyu.

Jumatano, 16 Julai

Nimetuma michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwa basi, mfuko mzima, Violeth anaipenda tangu hana meno. Juu nimeandika jina lake kwa herufi kubwa. Wifi asije akajisahau.

Kapiga mwenyewe! Kashukuru. Kisha akaniuliza swali lile nililokuwa nalikimbia. Mama, kwa nini hukumwuliza tu Benjamini? Nilikuwa na majibu matatu tayari. Moja la kichwa kuniuma, moja la mtandao, moja la mgonjwa wa Kahama. Yote yakagoma kutoka. Nikasema ulivyoguna siku ile, niliona unaondoka.

Nikatazama simu, nikadhani salio limekwisha.

Kasema, mama, niliguna kwa sababu nilikuwa na njaa.

Nikaketi chini kwenye ngazi. Tukacheka wote wawili, mimi na machozi, yeye sijui. Kasema kule kuna kazi nyingi, anajilipia RAM mpya, shangazi anampa bei ya undugu. Jumamosi anarudi. Anarudi! Kasema nisiguse kitu. Nikasema hata bisibisi imeshafichwa. Nilikuwa nimeishika, lakini ni kwa sababu nilikuwa naenda kuificha.

Jumamosi, 19 Julai

Kaja! Kanenepa kidogo mashavuni. Wifi anamlisha, hilo sikatai.

Benjamini kaja naye, kaweka kishikio kipya, Violeth mwenyewe kaweka RAM. Dakika moja! Ka, ka. Hakujifunga kamba, sikusema kitu. Kioo kikawaka rangi zote. Kafungua barua ya parokia, picha za pasipoti, na nyimbo za kwaya juu yake. Haikustaki. Watu wameanza kupanga foleni barazani, na Katekista Paschal wa kwanza, na fotokopi zake zile zile.

Kisha kanikalisha mbele ya baba yake. Kasema anabaki. Anapenda kukaa na sisi, anapenda hapa. Lakini sharti moja. Nikigusa tena humo ndani, siku hiyo hiyo anahamia Kahama, na safari hii anabeba godoro. Nikaapa. Nikainua mkono wa kulia. Kaniambia nikirudie kiapo, polepole: sitagusa ndani ya sipiyu. Nikakirudia. Katekista kawa shahidi.

Nina furaha mpaka nimeosha sahani zilizokuwa safi.

Jumanne, 22 Julai

Siku tatu kazi imekwenda vizuri. Nimekaa karibu na kompyuta, mikono mapajani, kama nilivyoapa.

Asubuhi hii Violeth kasema feni ya sipiyu ina kelele kidogo. Alisema tu, akapita, kama mtu anayesema leo kuna upepo. Kisha akachukua barua kuzipeleka parokiani.

Lakini alikunja uso. Nimemwona. Anakaa na kelele ile kutwa nzima, mwanangu, kichwa kinamuuma, anavumilia kwa ajili yangu. Mtu atavumilia mpaka lini? Kahama kuna feni zisizo na kelele.

Na feni siyo RAM. Feni naijua. Ni kitu cha kuzunguka, na kitu cha kuzunguka kikilia kinataka mafuta. Cherehani yangu, baiskeli ya Baba Violeth, gurudumu la toroli, vyote ni hivyo hivyo. Hapo hakuna dhahabu ya kupima wala Maduhu.

Kiapo ni kiapo. Sijagusa ndani. Sijatoa hata skrubu moja. Nyuma kuna matundu, nimepitisha mrija wa soda nikiwa nimesimama nje kabisa, nikamimina mafuta ya alizeti taratibu. Kijiko kimoja. Kelele ikapungua. Nikaongeza cha pili.

Kelele imekwisha! Imekwisha kabisa! Hata ile taa ya kijani imetulia, haiwaki tena.

Namwona Violeth anakuja kule barabarani, anatabasamu. Naweka kalamu chini, nataka nimwambie mwenyewe kabla hajawasha.